Jean-Baptiste-Camille Corot: Mchoraji Aliyejifunza Kutazama

Katika mfululizo huu tumezoea kusimulia maisha ya watakatifu, maaskofu na wamisionari. Safari hii tunamleta kwenu mlei mmoja Mfaransa, mchoraji wa picha za mandhari, ambaye hakuanzisha shirika wala hakuandika kitabu. Alikaa tu juu ya kiti kidogo cha kukunja, mbele ya mito, miti na vilima, akachora alichokiona. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 50.

Tumemchagua kwa sababu moja. Wengi wetu tumewahi kusimama mlimani jioni, tukaona jua linavyoshuka na bonde linavyobadilika rangi, tukatamani wakati ule usipite. Corot alijaribu kuushika wakati huo kwa rangi za mafuta. Na katika kujaribu huko aligundua jambo linalotuhusu sisi sote tunaojiandaa kwa utumishi wowote: kazi inayoonekana na watu hupata uzima wake katika kazi isiyoonekana na mtu.

Kuzaliwa na malezi

Jean-Baptiste-Camille Corot alizaliwa Paris mwezi Julai 1796, katika mtaa wa Rue du Bac. Wasomaji wetu wengi wanaufahamu mtaa huo kwa sababu nyingine: ndipo ilipo nyumba ya watawa ambamo Mtakatifu Katarina Labouré alijaliwa maono ya Bikira Maria mwaka 1830, maono yaliyotupatia Medali ya Mwujiza. Corot alizaliwa humo miaka 34 kabla ya hapo, nchi ikiwa bado inauguza majeraha ya Mapinduzi.

Mama yake alikuwa mtengenezaji hodari wa kofia za wanawake, na duka lake lilipendwa na wateja wenye uwezo. Baba yake alisimamia hesabu za duka hilo. Walikuwa watu wa bidii, waangalifu wa fedha, na walitaka mtoto wao wa kiume naye awe mfanyabiashara.

Wakampeleka shule mjini Rouen. Darasani hakung'ara. Lakini jioni, rafiki wa familia aliyekuwa akimlea huko alimchukua kutembea naye nje ya mji, kandokando ya mto Seine. Mzee yule alipenda ukimya na giza la jioni, na kijana akajifunza kupenda vitu hivyohivyo. Miaka mingi baadaye, watu walipostaajabia mwanga hafifu wa alfajiri na machweo katika picha zake, chanzo chake kilikuwa pale, katika matembezi ya mtoto na mzee asiyesema sana.

Baada ya shule aliwekwa kwa wauza vitambaa ili ajifunze biashara. Alikaa katika kazi hiyo miaka kadhaa bila mafanikio. Hakugombana na wazazi wake wala hakutoroka. Alisubiri. Mwaka 1821 dada yake mdogo alifariki, na mwaka uliofuata wazazi waliamua kwamba posho aliyokuwa akipewa marehemu, faranga 1,500 kwa mwaka, apewe Camille ili afuate uchoraji. Alikuwa na miaka 26. Inasimuliwa kwamba alishuka mara moja hadi kingo za Seine, si mbali na duka la mama yake, akachora picha yake ya kwanza ya nje huku wasichana wa dukani wakija kumchungulia. Picha hiyo aliitunza maisha yake yote.

Waalimu wawili, kazi mbili

Mwalimu wake wa kwanza, Achille Michallon, alikuwa na umri sawa na wake. Alimfundisha kukaa mbele ya kitu na kukichora kwa uaminifu, bila kujionyesha. Michallon alifariki mwaka huohuo wa 1822, kabla hata hawajamaliza mwaka pamoja. Corot akaenda kwa Jean-Victor Bertin, aliyemfundisha kupanga picha kubwa kwa taratibu za kale.

Hapa inafaa tueleze namna wachoraji wa mandhari walivyofanya kazi wakati ule. Kulikuwa na kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ilifanyika nje: mchoraji alichora picha ndogo kwa rangi za mafuta, haraka, mbele ya mandhari yenyewe. Pierre-Henri de Valenciennes, aliyewafundisha Michallon na Bertin, alikuwa ameandika mwaka 1800 kwamba picha ya namna hiyo isizidi saa mbili, na wakati wa mawio au machweo isizidi nusu saa, kwa sababu mwanga haumngoji mtu. Kazi ya pili ilifanyika ndani ya studio: kutokana na picha hizo ndogo, mchoraji alitengeneza picha kubwa yenye mpangilio, akaweka humo watu wa Biblia au wa hadithi za Wayunani, kisha akaipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris yaliyoitwa Salon.

Picha za nje hazikuonyeshwa kwa watu. Zilihesabiwa kama sisi tunavyohesabu maandalizi ya mahubiri: karatasi ya kando yenye mistari na mishale, ambayo padre haendi nayo mimbarini.

Safari ya Italia

Mwaka 1825 Corot aliwaomba wazazi ruhusa ya kwenda Italia. Wakakubali kwa sharti moja, kwamba kwanza ajichore mwenyewe, wabaki na sura yake. Akafanya hivyo, akaondoka. Alikaa Italia hadi mwaka 1828.

Mjini Roma alipambana kwanza na ugumu aliokuwa hajautarajia. Alianza kuchora watu barabarani, na kabla hajamaliza kichwa cha mtu, mtu mwenyewe ameshaondoka. Akabaki na karatasi zilizojaa pua na mabega. Akaamua kwamba tangu siku ile ataanza na umbo zima, hata kama ni mistari michache tu, na mambo madogo yatafuata kama muda utaruhusu. Uamuzi huo mdogo ulibadilisha kazi yake yote.

Mwezi Machi 1826 alikwenda kwenye bustani za Farnese, juu ya kilima cha Palatino. Kutoka hapo huonekana magofu ya Roma ya kale na uwanja wa Kolosai. Alirudi mahali pale siku baada ya siku, akichora picha tatu: moja asubuhi, moja adhuhuri, moja jioni. Saa ya asubuhi ilipopita, aliweka kando picha ya asubuhi, hata kama haijakamilika, akasubiri kesho yake. Hakuruhusu mwanga wa adhuhuri uingie katika picha ya asubuhi. Mbili kati ya picha hizo aliziachia makumbusho ya Louvre katika wosia wake, naye alikuwa amezitunza karibu miaka 50.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Alikuwa na sanduku dogo la rangi, brashi, kibao cha kuchanganyia rangi, mwavuli wa kukinga jua, na karatasi nene ambayo baadaye ilibandikwa juu ya kitambaa cha turubai. Enzi hizo rangi ya mafuta haikuuzwa katika tyubu. Ilifungwa ndani ya vipande vya kibofu cha nguruwe, mchoraji akatoboa na kukamua, na kilichobaki kikakauka upesi. Tyubu ya bati ilivumbuliwa mwaka 1841 tu. Kwa hiyo kwenda porini na rangi za mafuta ilikuwa kazi ya kubeba, kuchafuka na kupoteza.

Na alichoraje? Kwanza alitafuta umbo: kilima kinaanzia wapi, mto unapita wapi, ukuta una upana gani ukilinganishwa na mti. Pili alitafuta kipimo cha mwanga na giza. Hili ndilo lililokuwa moyo wa kazi yake. Kabla ya kuuliza kama jani ni la kijani au la manjano, aliuliza kama lina giza kuliko mwamba ulio nyuma yake, na kwa kiasi gani. Alianza na mahali penye giza zaidi, akapanda ngazi kwa ngazi hadi mahali penye mwanga zaidi. Tatu ndipo ilipokuja rangi, nayo aliituliza kwa kuchanganya nyeupe nyingi. Mwisho kabisa yalikuja madoido, kama yalikuja.

Anayetaka kuelewa jambo hili ajaribu leo jioni. Afumbe macho nusu, atazame miti iliyo mbele ya nyumba. Majani yatapotea, matawi madogo yatapotea, na kitabaki kivuli kikubwa, kivuli cha wastani, na anga. Hivyo ndivyo Corot alivyoona kwanza, na ndiyo sababu picha zake ndogo zinapumua.

Daraja la Narni

Mwezi Septemba 1826 alifika Narni, kaskazini ya Roma, ambako daraja lililojengwa enzi za Kaisari Augusto limesimama likiwa limevunjika juu ya mto Nera. Alichora picha ya sentimita 34 kwa 48, yaani inayotosha kubebwa kwapani. Chini kabisa ameweka udongo kwa mipigo michache ya brashi, ya kahawia, bila kujali kitu gani kinaota pale. Katikati mto unazunguka ukiwa na mchanga mweupe kando yake. Nguzo za daraja zinapokea jua upande mmoja. Mbali kabisa milima inayeyuka katika buluu. Hakuna mtu wala hadithi. Kuna saa moja ya siku moja, basi.

Kisha akaingia studio akatengeneza picha ya pili kwa ajili ya Salon ya mwaka 1827. Ni karibu mara mbili kwa urefu na kwa upana. Daraja ni lilelile. Lakini sasa kuna wachungaji na mbuzi, kuna misonobari mirefu iliyopangwa vizuri, udongo umelainishwa, na kila kitu kimekaa mahali panapostahili kadiri ya sheria za waalimu. Ni picha nzuri, na leo iko Ottawa, nchini Kanada. Ile ndogo iko Louvre.

Wapenzi wa sanaa wamezilinganisha picha hizi mbili kwa muda mrefu, na wengi wanaipenda zaidi ile ndogo, ambayo yeye hakuthubutu kuionyesha. Sisi hatutaki kuidharau ile kubwa. Bila nidhamu ya studio Corot asingekuwa Corot. Lakini ni kweli kwamba alipokuwa peke yake mbele ya mto, bila kufikiria nani atatazama, alichora kwa ukweli zaidi kuliko alipofikiria waamuzi wa Paris. Jambo hili linapaswa kutugusa. Ni mara ngapi tunasali vizuri tukiwa peke yetu, na mbele ya watu tunaanza kupanga misonobari?

Miaka ya kungoja

Alirudi Ufaransa mwaka 1828. Wazazi walikuwa na nyumba Ville-d'Avray, karibu na Paris, kando ya madimbwi makubwa yenye miti, na hapo alichora tena na tena mpaka uzeeni. Ratiba yake ilikuwa kama ya mkulima: kuanzia majira ya kuchipua hadi majani yanapoanguka alikuwa nje, na wakati wa baridi alikuwa studio, akipika alichovuna.

Mwaka 1830, mapinduzi mapya yalipolipuka Paris, aliondoka mjini akaenda Chartres, akachora kanisa kuu la huko. Mbele ya minara yake mitukufu aliweka chungu ya udongo na mawe ya ujenzi, kwa sababu ndivyo palivyokuwa.

Alipeleka picha Salon mwaka baada ya mwaka. Nyingine zilitundikwa mahali pabaya, na wanunuzi walikuwa wachache mno. Alipita miaka 40 ya umri wake akiwa bado anaishi kwa posho ya wazazi, naye baba aliona uchoraji kuwa mchezo wa mwanawe asiye na madhara. Mwaka 1835 alionyesha Hagari jangwani, mama akilia kando ya mtoto anayekufa kwa kiu, malaika akija kwa mbali. Ukiutazama mti mkubwa wa picha ile utaona kwamba si mti wa jangwani. Ni mwaloni wa msitu wa Fontainebleau, ambao Corot alikuwa ameuchora akiwa amekaa chini yake miaka michache kabla. Kilio cha Hagari kimepata kivuli cha mti wa kweli.

Kwa ajili ya kanisa la Saint-Nicolas-du-Chardonnet, Paris, alichora Ubatizo wa Bwana, na kanisa la Ville-d'Avray alilizawadia picha yake ya Mtakatifu Yeronimo. Mwaka 1846 serikali ilimpa nishani ya Legion of Honour. Inasimuliwa kwamba baba yake alipopata habari alidhani nishani ni yake yeye mzee. Alipoelewa, alianza kukiri kwamba labda kijana ana kipaji. Kijana alikuwa na miaka 50. Mwaka uliofuata baba alifariki.

Umaarufu na hatari yake

Hatimaye sifa zikaja. Mwaka 1864 picha yake ya kumbukumbu ya Mortefontaine, ziwa tulivu lenye ukungu wa fedha, mwanamke na watoto chini ya mti ulioinama, ilinunuliwa na Kaisari Napoleon III. Kila tajiri akataka yake. Hapa lazima tuseme ukweli. Corot alizidiwa na maombi, na akarudia mara nyingi ziwa lilelile, ukungu uleule, mti uleule. Zipo picha za miaka hiyo ambazo ni mazoea ya mkono kuliko kazi ya macho.

Isitoshe, alikuwa mpole kupita kiasi. Aliwaazima wanafunzi picha zake za nje wazinakili, na inasimuliwa kwamba alipoona mchoraji maskini ameiga kazi yake, aliigusagusa kidogo akaitia sahihi yake ili mwenzake apate chakula. Huruma hiyo imewaletea taabu wataalamu hadi leo, kwa maana picha za bandia zenye jina la Corot ni nyingi duniani. Wema usio na busara nao una gharama zake.

Baba Corot

Vijana walimwita Baba Corot, ingawa hakuoa wala hakuwa na mtoto. Aliishi na wazazi wake mpaka walipofariki, mama mwaka 1851. Alivaa joho la kazi la buluu, akavuta kiko, akaimba akichora. Waliomfahamu wamesimulia kwamba kitabu alichokipenda zaidi kilikuwa Kumfuasa Kristo, na kwamba alikiona kuwa chanzo cha utulivu wake.

Fedha zilipokuja hazikukaa. Vita vya 1870 vilipoizingira Paris, alibaki mjini akatoa fedha nyingi kwa ajili ya maskini. Mchoraji Honoré Daumier, akiwa amezeeka na kukaribia upofu, alikuwa hatarini kufukuzwa katika nyumba aliyopanga Valmondois. Corot aliinunua nyumba akampa. Jean-François Millet alipofariki Januari 1875, Corot alihakikisha mjane wake anapata faranga 10,000. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kufa.

Siku za mwisho

Mwaka 1874, akiwa na miaka 78, alikwenda Sens akakaa ndani ya kanisa kuu, akachora nguzo zake na mwanga unaopenya madirishani. Hakuna ukungu wa fedha katika picha ile. Kuna mzee anayetazama tena kama kijana wa Narni, akipima kivuli kwa kivuli. Mwaka huohuo, Salon ilimnyima nishani kuu ikampa mwingine. Wasanii na marafiki walichanga wakamtengenezea nishani yao ya dhahabu, wakamkabidhi mwezi Desemba.

Alifariki Paris tarehe 22 Februari 1875, akazikwa katika makaburi ya Père-Lachaise. Mwaka uliotangulia, kundi la vijana lilikuwa limefungua maonyesho yao ya kwanza mjini humo, wakionyesha hadharani picha zenye wepesi wa zile zilizochorwa nje. Miongoni mwao walikuwamo Camille Pissarro na Berthe Morisot, ambao wote wawili walikuwa wamejifunza kwa Corot. Kile ambacho mzee alikificha kwenye kabati, wao walikitundika ukutani.

Tujifunze nini?

Kwanza, tujifunze kutii saa. Corot aliacha picha ya asubuhi ilipokuwa asubuhi imekwisha, akarudi kesho. Sisi huchanganya masomo na sala, sala na simu, tukashangaa kwa nini hakuna kilicho na mwanga wake.

Pili, tuanze na umbo zima kabla ya madoido. Frateri anayepamba maneno ya mahubiri kabla hajajua anataka kusema nini amekwisha kupotea, hata kama waamini watamsifu mlangoni.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuthamini kazi ndogo isiyo na shahidi. Picha ya Narni ilikaa miaka mingi bila kutazamwa na umati, na haikupungukiwa kitu. Tunayoyafanya katika kikanisa kitupu, katika bustani alfajiri, au kando ya kitanda cha mgonjwa asiyeweza kutushukuru, hayahitaji fremu. Yanahitaji tu yafanywe kwa uaminifu, mbele ya kilichopo, kabla mwanga haujaondoka.